KADI YA NJANO NA BARUA YA ONYO



Katika mikutano ya matawi, hasa ile ya Jumamosi jioni kabla ya mechi za Uingereza kuanza kwenye televisheni, tumekuwa tukiulizwa swali moja na wanachama wengi. Je, chama cha wafanyakazi kina maoni gani juu ya hizi rangi za upinde wa mvua tunazoziona kwa wachezaji, mara kwenye kamba za viatu, mara kwenye kitambaa cha nahodha, mara kwenye bendera ya kona? Wengine huuliza kwa kucheka, wengine kwa hasira, na wapo wanaouliza kwa sauti ya chini baada ya mkutano kwisha. Tumeonelea vyema tujibu kwa maandishi, maana jibu la mkutanoni hubadilika kila linapotoka mdomo mmoja kwenda mwingine.

Tunaanzia Qatar, kwa sababu ndiko jambo hili lilikofika kilele mbele ya macho ya dunia nzima.

Mnamo Septemba 2022, miezi miwili kabla ya Kombe la Dunia, vyama vya soka vya nchi kumi za Ulaya vilitangaza kwamba manahodha wao watavaa kitambaa chenye moyo uliopakwa mistari ya rangi, kilichoitwa OneLove, maana yake upendo mmoja. Kampeni hiyo ilianzia Uholanzi mwaka 2020. Rangi zake hazikuwa zile hasa za bendera ya upinde wa mvua, lakini hapana aliyekosa kuelewa makusudio yake: kupinga ubaguzi wa kila namna, na hususan ubaguzi dhidi ya watu wa mapenzi ya jinsia moja, ambao kwa sheria ya Qatar ni wahalifu. Katika nchi hizo kumi, Norwei na Uswidi hazikufuzu kwenda Qatar, na Ufaransa ikajitoa. Zikabaki saba: Uingereza, Wales, Uholanzi, Ubelgiji, Ujerumani, Denmark na Uswisi.

Asubuhi ya 21 Novemba, saa chache kabla ya Uingereza kuingia uwanjani kucheza na Iran, FIFA ikatoa onyo kwamba nahodha atakayevaa kitambaa kile ataadhibiwa palepale uwanjani. Vyama saba vikatoa tangazo la pamoja. Vilisema vilikuwa tayari kulipa faini, lakini haviwezi kuwaweka wachezaji katika hatari ya kupewa kadi, au hata kulazimishwa kutoka nje ya uwanja. Vitambaa vikarudi kwenye masanduku. FIFA ikatoa kitambaa chake yenyewe, chenye maneno ya kukataa ubaguzi bila rangi yoyote ya kumkera mwenyeji, na nahodha wa Uingereza, Harry Kane, akakivaa hicho.

Watu wengi walicheka. Walisema, kumbe ujasiri wa Wazungu una thamani ya kadi moja ya njano! Sisi hatukucheka sana. Kila aliyewahi kupokea barua ya onyo anajua kwamba si karatasi tu. Barua ya kwanza huwekwa kwenye jalada. Ya pili husomwa pamoja na ya kwanza. Ya tatu huna haja ya kuisoma, maana umeshafika getini. Kadi ya njano ni hivyohivyo: kadi mbili katika mechi mbili tofauti humkosesha mchezaji mechi inayofuata, na mchezaji hupata Kombe la Dunia mara mbili au tatu tu katika maisha yake. Kwa hiyo mtu anayesema "ningekuwa mimi ningevaa" tunamwomba kwanza atuambie ni lini yeye mwenyewe alimpinga mnyapara siku ya malipo.

Lakini tazameni vizuri jinsi jambo lilivyotendeka. Maadamu adhabu ilikuwa faini, ofisi zilikuwa na ujasiri, kwa sababu faini hulipwa na ofisi. Adhabu ilipogeuka kuwa kadi, ikamwangukia mchezaji, na ofisi zikasema basi tena. Waliotangaza kitambaa ni maofisa, na waliotangaza kukiondoa ni maofisa haohao. Mchezaji aliambiwa "vaa", kisha akaambiwa "vua". Hatukusikia kwamba manahodha saba walikaa chumba kimoja, wao wenyewe, wakaulizana: je, tukivaa sote saba, FIFA itafanya nini? Tungependa sana kuliona jibu la swali hilo. Siku ya kwanza kadi kwa Uingereza na Uholanzi na Wales, keshokutwa Ujerumani na Ubelgiji, kila siku refa akitoa kadi mbele ya watazamaji wa dunia nzima kwa kosa la moyo uliochorwa kwenye kitambaa. Kwa maoni yetu FIFA isingefika siku ya tatu.

Siku hiyohiyo, katika uwanja huohuo wa Khalifa, palikuwa na watu kumi na mmoja wengine. Wachezaji wa Iran walisimama wakati wimbo wa taifa lao unapigwa, na hawakuimba. Nchini kwao watu walikuwa wakiuawa barabarani tangu Septemba, baada ya kifo cha Mahsa Amini mikononi mwa polisi wa maadili. Walichohatarisha wao hakikuwa kadi. Walifunga midomo wote kumi na mmoja, wala hapana aliyeweza kusema ni nani aliyeanza. Katika mechi yao iliyofuata waliimba, na hatutaki kuhesabu ni vitisho vingapi vilivyopita katikati.

Siku mbili baadaye Wajerumani, kabla ya kucheza na Japani, walipiga picha ya timu huku kila mmoja ameziba mdomo wake kwa mkono. Kumi na mmoja wote. FIFA haikuwapa adhabu. Ni kweli kuziba mdomo si sawa na kuvaa kitambaa, na ni kweli vilevile kwamba walifungwa mabao mawili kwa moja, jambo lililowafurahisha wengi. Lakini hapo pana jambo lingine ambalo magazeti ya Ulaya hayakulipenda. Ujerumani ilipocheza na Hispania, watazamaji kadhaa uwanjani walishika picha za Mesut Özil huku nao wameziba midomo. Özil, mtoto wa ukoo wa Kituruki aliyezaliwa Ujerumani na kuiletea nchi hiyo Kombe la Dunia mwaka 2014, aliacha kuichezea mwaka 2018 akilalamika kwamba timu ikishinda anahesabiwa Mjerumani, ikishindwa anahesabiwa mhamiaji. Walioshika picha zile walikuwa na sababu zao za siasa, hilo tunalijua. Hata hivyo picha ilikuwa ya kweli. Anayetaka kuondoa ubaguzi kwa jirani ataulizwa juu ya ubaguzi wa kwake, na hapana mwenye haki ya kukasirika akiulizwa.

Sasa tuiache Qatar kidogo tutazame kadi nyingine za njano, kwa maana hii haikuwa ya kwanza.

Tarehe 30 Aprili 2017 huko Cagliari, Italia, Sulley Muntari wa Ghana, aliyekuwa akiichezea Pescara, alitukanwa kwa rangi yake na watazamaji. Akamwendea refa akamwomba asimamishe mechi. Refa akampa kadi ya njano kwa kubisha. Yaani mtu anatukanwa kazini, anakwenda kwa msimamizi, na msimamizi anamwandikia barua ya onyo yeye aliyetukanwa! Muntari akaondoka uwanjani, akapewa kadi ya pili kwa kuondoka, na wakuu wa ligi wakamfungia mechi moja. Aliondoka peke yake. Wenzake walibaki, mpira ukaendelea. Chama cha kimataifa cha wachezaji, FIFPRO, kikadai adhabu ifutwe, kelele zikawa kubwa, na siku chache baadaye ikafutwa. Vyema. Lakini njia ile kutoka katikati ya uwanja hadi mlangoni alitembea peke yake, na sisi tunaijua ni ndefu kiasi gani.

Linganisheni na tarehe 8 Desemba 2020, huko Paris. Paris Saint-Germain walikuwa wanacheza na Başakşehir ya Istanbul katika Ligi ya Mabingwa. Mpira ulikuwa haujafika robo saa. Refa wa nne, Mromania, akitaka kumwonyesha mwenzake ni nani kwenye benchi anayepiga kelele, alimtaja kocha msaidizi Pierre Webó, Mkameruni, kwa rangi ya ngozi yake. Webó akauliza kwa nini. Mchezaji wa akiba Demba Ba akamsimamia refa akimwuliza mbona Mzungu hatajwi kwa weupe wake. Refa alijitetea kwamba katika lugha yake lile ni jina la rangi tu. Wachezaji wa Istanbul wakatoka. Na hapa ndipo penye jambo: wachezaji wa Paris, wapinzani wao, wakatoka nao. UEFA ilitaka mechi imalizwe usiku uleule, refa yule akiwekwa kando. Wakakataa. Mechi ilimalizwa siku ya pili na marefa wapya kabisa, baada ya timu zote mbili na marefa kupiga goti pamoja katikati ya uwanja. Miezi mitatu baadaye UEFA ilimsimamisha refa yule hadi mwisho wa msimu kwa mwenendo usiofaa, ingawa haikusema kwamba alikusudia ubaguzi.

Nani aliyepewa kadi kwa kutoka usiku ule? Hapana. Ungempa nani? Kitabu cha refa kingejaa. Na klabu ya Paris, tusisahau, ni mali ya matajiri wa Qatar tangu 2011; lakini usiku ule walioamua ni wenye viatu miguuni.

Mfano mwingine ni wa wanawake, nao unatupendeza zaidi kwa sababu ulipitia chama. Hispania iliposhinda Kombe la Dunia la wanawake mwezi Agosti 2023 huko Sydney, rais wa shirikisho lao, Luis Rubiales, alimbusu mchezaji Jenni Hermoso mdomoni mbele ya umati bila idhini yake. Shirikisho likajaribu kumtetea bwana mkubwa. Chama cha wachezaji wanawake, FUTPRO, kikatoa tangazo lenye sahihi za wachezaji 81, wakiwemo mabingwa wote 23, kwamba hawatachezea taifa maadamu uongozi ule upo. Tarehe 10 Septemba bwana mkubwa akajiuzulu. Mwaka 2025 mahakama ikamtia hatiani na kumtoza faini. Wale 81 hawakuvaa rangi yoyote mkononi. Waliweka chini kalamu na viatu.

Ndugu, mambo haya si mageni kwetu. Miaka kadhaa iliyopita, katika shamba moja la chai ambalo hatutalitaja, wachumaji waliotoka ng'ambo ya mpaka walikuwa wakipewa miteremko ya mbali na majina ya kejeli, na mizani yao ilikuwa na tabia ya kusahau kilo. Mama mmoja alisema kwa sauti mbele ya karani kwamba mizani ina kabila. Akaandikiwa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Kesho yake asubuhi kundi lake zima, wenyeji na wageni, lilisimama mbele ya ofisi na vikapu vitupu, likasema: hata sisi tunasema mizani ina kabila, tuandikieni nasi. Karani hakuwa na fomu za kutosha. Saa nne meneja mwenyewe alikuja na mawe ya kupimia. Ile barua haikuonekana tena kwenye jalada, tulikwenda kuikagua.

Basi tukirudi kwenye swali la rangi za upinde wa mvua, jambo la kwanza tunalolisema ni kwamba alama inayogawiwa na ofisi ni sare. Haiwi ahadi ya mvaaji mpaka avaaye awe ameichagua. Mnamo Mei 2022 Idrissa Gueye wa Senegal, akiwa Paris, hakucheza mechi ambayo namba za jezi zilitiwa rangi hizo, na shirikisho la Ufaransa likamwandikia barua kumtaka ajieleze. Katika nchi yake alisifiwa hata na rais. Huko Ufaransa alishutumiwa. Sisi tunauliza swali la mfanyakazi: je, kabla ya jezi kushonwa, wachezaji waliitwa wakazungumza? Aliyetukanwa kwa sababu hiyo alipewa nafasi ya kuwaeleza wenzake yaliyompata? Kama sivyo, ile haikuwa kampeni bali ilikuwa amri ya mavazi. Nao waajiri hutoa amri upepo unapovuma upande huo, na huiondoa upepo ukigeuka. Ligi Kuu ya Uingereza ilishirikiana kwa miaka mingi na shirika lililoanzisha kamba za viatu za rangi mwaka 2013, na mwaka 2025 ushirikiano huo ukakoma. Je, mchezaji kijana anayeogopa chumba cha kubadilishia nguo alikuwa salama zaidi mwaka 2024 kuliko leo? Hayo atayajua kwa wenzake wa chumba kile, si kwa kamba za viatu.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nasi hatutalikwepa. Wanachama wetu wengi wanasema mapenzi ya jinsia moja ni dhambi, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Hapa Uganda iko sheria iliyotiwa sahihi Mei 2023 yenye adhabu kali mno, hata ya kifo kwa baadhi ya makosa, na inaadhibu pia kulikuza jambo hilo. Mnamo Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame, lakini ilikiondoa kifungu kilicholazimisha watu kuripoti wenzao. Hatuandiki hapa kumwambia mtu aamini nini msikitini, kanisani au nyumbani kwake. Chama hakina mimbari. Chama kina daftari la ada, na katika daftari hilo hakuna safu ya kuandika mtu analala na nani.

Tunachosema ni hiki: mjumbe wa tawi si mpelelezi. Tena tunasema kwa sababu ya tuliyoyaona. Katika kiwanda kimoja kijana mmoja alisimama kudai mabuti kwa watu wote wa idara ya maji ya dawa, ambao miguu yao ilikuwa inachubuka. Haikupita wiki, uvumi ukaenezwa juu yake kwamba yeye ni wa watu wale. Ulienezwa na nani? Na mnyapara ambaye ndiye aliyeulizwa habari za mabuti. Wanachama wengine wakaja kwetu wakisema chama kisimtetee. Tulidai tuhuma iandikwe, na tukadai asikilizwe akiwa na mtu wa kumsimamia, kama Sheria ya Ajira ya 2006 inavyotaka kabla ya mtu yeyote kufukuzwa. Tuhuma haikuandikwa kamwe, maana hapakuwa na cha kuandika. Mabuti yalikuja. Yeye hakuyavaa. Aliacha kazi baada ya miezi miwili kwa sababu hakuna aliyekubali kukaa naye wakati wa chakula.

Tafakarini basi. Mwajiri hakutoa hata senti moja kumwondoa mtu aliyemsumbua. Kazi hiyo tulifanyiwa na ubaguzi wetu wenyewe, bure. Leo ni neno hili, jana lilikuwa "mgeni", juzi lilikuwa "mwenye ugonjwa". Sheria yetu ya kazi na Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, vinakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi, jinsia, dini, siasa, asili ya taifa au ya ukoo; sheria yetu imeongeza ulemavu na virusi vya UKIMWI. Kila neno katika orodha hiyo liliingizwa kwa sababu wapo watu waliokataliwa kukaa kwenye benchi la chakula.

Jambo la tatu, na kwa sisi wa nchi hizi ndilo lililo karibu zaidi na mfuko, ni la walinzi.

Siku ileile ya vitambaa, 21 Novemba, mashabiki wa Wales walivuliwa kofia za rangi za upinde wa mvua kwenye mageti ya uwanja wa Ahmad bin Ali. Hata Laura McAllister, aliyekuwa nahodha wa wanawake wa Wales, aliambiwa avue. Baada ya malalamiko FIFA ilikubali kofia ziingie katika mechi iliyofuata. Magazeti yaliandika mengi juu ya wavuliwaji. Sisi tulikuwa tukiwatazama wavuaji. Kwa maana walinzi na waelekezaji wa mashindano yale walitoka Asia na Afrika, na wengi walitoka huku kwetu, Kenya na Uganda. Ni vijana waliouza ng'ombe au kukopa kumlipa wakala. Mlinzi wa getini akiambiwa "vua kofia ile", atamwuliza nani kama amri ni halali? Qatar ina mshahara wa chini tangu Machi 2021, riali 1,000 kwa mwezi, na ilifuta ile sheria ya kumzuia mtu kuhama kazi bila ruhusa ya bwana wake. Hayo ni maendeleo, tunayakubali. Lakini kuunda chama cha wafanyakazi ni haki ya raia wa Qatar peke yao. Mgeni hana chama. Mnamo Agosti 2022, miezi mitatu kabla ya kombe, wafanyakazi wapatao 60 walioandamana Doha kudai mishahara ya miezi mingi walikamatwa, na baadhi wakarudishwa makwao. Mwaka mmoja kabla ya hapo mlinzi Mkenya aliyeandika juu ya vyumba vyao vya kulala aliwekwa ndani karibu mwezi mzima na kutozwa faini ya riali 25,000. Gawanyeni wenyewe kwa mshahara wa chini mwone ni miezi mingapi.

Mwandishi wa Kimarekani Grant Wahl alizuiwa siku hiyohiyo ya 21 Novemba kwa fulana yenye mpira uliozungushiwa rangi hizo. Usiku wa kuamkia 10 Desemba alianguka akiwa kazini katika uwanja wa Lusail, akafa kwa kupasuka mshipa mkubwa wa damu. Dunia nzima ililia, na ilistahili kulia. Siku hiyo ya 10 Desemba, katika uwanja huohuo, mlinzi Mkenya wa miaka 24 alianguka kutoka juu ya jengo, akafa hospitalini siku tatu baadaye. Jamaa zake waliachwa wakiuliza alianguka vipi, na nani atawalipa.

Rais wa FIFA, Gianni Infantino, siku moja kabla ya kombe kuanza, alitoa hotuba akisema siku ile alijihisi kuwa Mwarabu, Mwafrika, mtu wa mapenzi ya jinsia moja, mlemavu na mfanyakazi mhamiaji, na kwamba utotoni alidharauliwa kwa sababu ya nywele zake nyekundu. Kujihisi ni jambo jema. Lakini katika miaka minne iliyoishia na kombe lile FIFA ilipata mapato ya zaidi ya dola bilioni 7, na ilipotangaza mfuko wake wa dola milioni 50 mnamo Novemba 2024, fedha zilielekezwa kwenye afya, elimu na wakimbizi kupitia mashirika makubwa. Mjane wa mjenzi hakutajwa. Kumbe mtu aweza kujihisi mhamiaji bila kuhisi mfuko wake!

Sasa kombe la 2034 limepewa Saudi Arabia. Lilitolewa tarehe 11 Desemba 2024 kwa makofi, mwombaji akiwa mmoja tu. Huko vyama vya wafanyakazi ni marufuku kabisa, na mgomo vilevile. Viwanja vinajengwa, mahoteli yanajengwa, na mawakala wameshaanza kupita katika miji yetu na vijiji vya mashambani. Huenda mwaka huo patakuwa na kitambaa kingine cha rangi, na tangazo lingine, na kitisho kingine. Sisi haja yetu itakuwa kujua kama manahodha wamekaa pamoja safari hii, na kama yupo atakayemwuliza mlinzi wa getini jina lake na mshahara wake. Vyama vya kimataifa vya wafanyakazi wa ujenzi na vya wachezaji vina miaka ya kutosha kulishughulikia hilo, vikianza sasa. Na kwa kuwa mwaka 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kuandaa kwa pamoja Kombe la Afrika, hatuna haja ya kungoja Waarabu. Wajenzi wa viwanja wapo hapahapa, na wajumbe wetu wameombwa kuwatembelea kambini.

Kwa wakati huu, kila mwanachama ambaye mwanawe au jirani yake ameahidiwa kazi Saudi Arabia, Qatar au Dubai na alete mkataba kwenye ofisi ya tawi kabla haujatiwa sahihi, uwe wa Kiingereza au wa Kiarabu. Tutausoma pamoja naye, tutaandika jina la wakala na namba ya leseni yake katika daftari, na nakala itabaki kwetu. Ofisi hufunguliwa Jumanne na Alhamisi baada ya zamu ya mchana, na Jumamosi hadi mechi inapoanza. Kusomewa mkataba hakuna malipo, hata kwa asiye mwanachama.